Golf ya marehemu baba, Starlet au Vitz RS: ipi niigeuze gari la rali hapa nyumbani?

kibosho88, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi tangu Januari. Nataka kujenga gari la rali mwenyewe, nyumbani. Nina banda nyuma ya nyumba lenye sakafu ya zege, mashine ya kuchomelea ya MIG, na mdogo wangu aliyesomea ufundi magari VETA. Lengo ni mashindano ya hapa nchini, upande wa magari yanayovuta kwa tairi mbili. Fungu la kuanzia ni milioni 15, mengine nitaongeza mwezi kwa mwezi.

Magari ninayoyafikiria ni haya:

Golf Mk2 (toleo la pili) GTI ya 1989, valvu 8, cc 1781. Ilikuwa ya marehemu baba, imelala bandani tangu 2014. Ukiiwekea betri nzima inawaka, inatoa moshi kidogo kisha inatulia.

Starlet EP91 ya 1997, milango mitatu, gia za mkono, injini ya 4E-FE cc 1331. Iko Himo, mwenyewe anataka milioni 3.8.

Vitz RS ya toleo la kwanza, injini ya 1NZ-FE cc 1496, gia za mkono. Iko Dar, milioni 6.5.

Moyo wangu uko kwenye Golf. Mdogo wangu anataka Starlet. Rafiki zangu wote wanasema Vitz. Nyie mliokwisha kujenga, nambieni.

fundibati_tanga

Mkuu, injini iache kwanza. Chukua bisibisi bapa na nyundo ndogo, ulale chini ya kila gari. Gonga kizingiti chote chini ya mlango, kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma. Bati zima linalia, bati lililooza linajibu kwa sauti nzito kama unagonga boksi la karatasi. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi. Kisha angalia pale springi ya nyuma inapokalia, na mbele juu kwenye vikombe vya shokapu. Kama sehemu hizo zimeoza, achana na hilo gari hata ukipewa bure.

Vitz ya Dar naiogopea hapo. Hapa Tanga nimefungua gari lililokaa miaka kumi karibu na bahari, rangi inang'aa kama jana, lakini ndani ya kizingiti nilikomba kutu ya viganja viwili. Ya Himo ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa kavu.

Ukishaivua gari mpaka ibaki bati tupu, usichomelee mshono wote mfululizo. Chomelea sentimita mbili na nusu, ruka nne, chomelea tena, huku unahama kulia na kushoto ili bati lipoe. Ukivuta mstari mmoja mrefu bodi inapinda, na hutajua mpaka uone tairi zinalika upande mmoja. Mishono na kuongeza unene kwenye vikombe vya shokapu ndiko miezi yako itakakoishia. Injini utaifunga kwa wikiendi mbili.

mzee_wa_gti, Iringa

Vijana, naomba niitetee Golf kidogo. Mwaka 1987 Kenneth Eriksson, dereva wa Uswidi, alishinda Rali ya Ivory Coast akiwa na Golf GTI ya valvu 16, bodi hiyohiyo ya Mk2. Ile ilikuwa rali ya joto, vumbi na barabara mbovu za Afrika, siyo lami ya Ulaya. Bodi hiyo ina uti wa mgongo.

Tena tazama umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Golf ni milimita 2475, Starlet ni 2300. Sentimita 17 na nusu utazisikia kiunoni. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati la paa, gari fupi linarusha mkia kila unapogusa breki. Golf inanyooka.

Ubaya wake nao nausema. Giaboksi yake, ile inayoitwa 020, gurudumu kubwa la meno la difu limeshikwa kwa riveti. Ukiipeleka kwa nguvu miaka mingi riveti zinakatika, na kichwa cha riveti kikirushwa kinatoboa kava la giaboksi, oili yote chini. Dawa inajulikana: zinatobolewa, zinawekwa bolti. Lifanyike kabla ya mbio ya kwanza.

ilala_spea, Dar

Mzee wangu shikamoo. Uliyosema ni kweli tupu, ila hizo bolti atazipata wapi? Ataagiza Ujerumani au Uingereza, asubiri wiki tatu, alipie na forodha.

Tufikirie Jumamosi ya rali. Saa kumi na mbili jioni gari linaingia sehemu ya matengenezo na mkono wa chini umepinda na draivu shafti inagonga. Kesho asubuhi mnaanza saa moja. Mwenye Starlet anapiga simu mbili, ndani ya saa moja bodaboda kaleta mzigo kwenye kiroba. Kama tuko Moshi au Iringa, hata teksi ya mtaani iko ya kunyofoa. 4E-FE ilifungwa pia kwenye Corolla EE111, ndiyo maana mpaka leo hazijaisha hapa Ilala. Mwenye Golf analala.

Kwa injini peke yake Vitz inawashinda wote. 1NZ iko kwenye IST, Probox, Raum, Fielder, ukitaka kumi leo unapata kumi. Lakini milioni 6.5 kwa gari ambalo utatupa viti vyake, kapeti, dashibodi na vioo naona ni nyingi. Hiyo tofauti ya milioni 2.7 kati yake na Starlet ni shokapu.

Rimu zote tatu zina matundu manne, kipimo cha 4x100 (matundu manne kwenye mduara wa milimita 100), kwa hiyo hata ukibadili mawazo matairi yako hayapotei.

boost_kilo1, Morogoro

Chukua Starlet, tia 4E-FTE, injini ya turbo ya Glanza, ile Starlet ya kasi. Inakaa palepale bila kukata kitu, nguvu farasi 135 kwenye gari lisilofika tani. Umemaliza kazi.

mzee_wa_gti, Iringa

Mwanangu, hapo utamwingiza shimoni. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, injini ya petroli yenye turbo ujazo wake unazidishwa kwa 1.7 wakati wa kupanga daraja. 1331 mara 1.7 ni karibu 2263. Kijana ametoka kwenye daraja la injini ndogo, ameingia juu ya cc 2000 na gari lake la mikono yake mwenyewe. Asome kwanza kanuni za mashindano anayotaka kuingia kabla ya kununua hata bolti.

kulia_sita, Arusha

Kaka kibosho, mimi ni msoma ramani, nimekaa kiti cha kushoto misimu sita, kwa hiyo nitasema ya upande wangu ambayo madereva huyasahau.

Usidharau gari dogo. Safari Rally ya 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 akiwa na Subaru Vivio, kigari kisichofika cc 660. Colin McRae, dereva maarufu wa Uskoti, alikuwa na Vivio kama hiyohiyo, hakumaliza. Mwaka uleule Daihatsu Charade zilishika nafasi ya tano, sita na saba, nyuma ya Celica nne za Toyota. Gari dogo likitunzwa linafika. Starlet naipigia kura kwa mikono miwili.

Sasa kiti. Kuna gari nililokalia ambalo kiti changu kilifungwa kwenye mabano ya bati jembamba, yamechomelewa juujuu. Kona ya kushoto, kasi si kubwa hata, nikasikia kiti kinasogea chini yangu kama stuli yenye mguu mbovu. Nikaendelea kusoma noti za njia huku nimekamata bomba la mlango kwa mkono mmoja. Tulipofika mwisho wa kipande cha mbio nikashuka nikaangalia: mabano yamepasuka kutoka tundu la bolti hadi ukingoni, ufa unapitisha ukucha. Kizimba, yaani fremu ya mabomba ya kutulinda gari likipinduka, kilikuwa kizuri, mikanda mipya, na mimi nimeshikwa na bati la milimita moja na nusu.

Kwa hiyo fedha zako zianzie kwetu, watu wawili tutakaokaa ndani. Kila kiti kishikwe sehemu nne zisizopungua, bolti za M8 (unene wa milimita 8) au zaidi. Viti vya mtumba kutoka Ulaya usome kibandiko nyuma: vya kiwango cha FIA cha 8855-1999 maisha yake ni miaka mitano tangu vilipotengenezwa, na vingi vinavyouzwa rahisi vimeshapitwa. Mikanda ya mabega ishuke kwenda nyuma kwa mteremko mdogo, nyuzi 10 hivi. Ikifungwa sakafuni kwa mteremko mkali, siku ya ajali inakandamiza uti wa mgongo. Kizima moto cha kilo mbili kiwe mahali ambapo mimi na dereva tunakifikia tukiwa tumefungwa mikanda. Na swichi ya kukata umeme, nayo hivyohivyo.

Halafu tafadhali, tengeneza pa kuegemeza miguu yangu. Starlet ina nafasi ndogo mbele, na joto la bomba la ekzosi linapanda pale katikati. Weka kinga ya joto kabla hujaweka hata stika moja.

kibosho88, Moshi

Dada nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Mzee shikamoo, turbo nimeiondoa kwenye daftari.

Swali la kizimba: fundi mmoja ameniambia atakijenga kwa bomba la maji la gavanaizi, inchi moja na nusu, kwa laki nane kila kitu. Amekwisha fanya kwenye pikapu kadhaa. Ni sawa?

fundibati_tanga

Hapana, mkuu. Hapana kabisa.

Bomba la maji lina mshono kwa urefu wake na halikutengenezwa kupokea kishindo. Tena ukichomelea gavanaizi zinki inachafua mshono na moshi wake unakudhuru. Bomba la kizimba ni chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, nguvu ya kuvutika isipungue Newton 350 kwa milimita ya mraba. Tao kuu, lile la nyuma ya vichwa vyenu, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Linapindwa baridi, na nusu kipenyo cha kona ipimwe katikati ya bomba, isipungue mara tatu ya kipenyo chake. Kwa bomba la 45 hiyo ni milimita 135. Likionyesha mkunjo au kubonyea kwenye kona, litupwe.

Miguu yake haikai juu ya bati la sakafu hivihivi. Panda bamba la milimita 3, eneo la sentimita za mraba 120 kwa kila mguu, lichomelewe kwenye bodi. Kama ni cha kufunga, bolti tatu za M8 za daraja la 8.8. Mpigie simu mkaguzi wa mashindano mapema, aje aone kikiwa hakijapakwa rangi.

nakuru_matope, Kenya

Kaka, habari ya Moshi. Niko Nakuru, hivyo Naivasha ni jirani, na tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 tumejifunza mengi kuhusu vumbi la fesh-fesh. Ni laini kama unga wa ngano. Likiingia kwenye injini, umemaliza pistoni na ringi. Toa kifyonza hewa chini kwenye bampa, kipandishe juu karibu na kioo cha mbele, utumie filta ya sponji iliyopakwa oili, na ubebe ya pili imefungwa kwenye mfuko. Bomba la petroli na la breki yapitishe ndani ya gari, ya chuma, usiyaache chini yapigwe mawe. Na chini ya injini weka kinga ya aluminiamu ya milimita 6, lakini uache njia ya hewa, la sivyo oili itachemka.

Mimi pia nasema Starlet. Anza na mashindano ya uwanjani ya mzunguko mfupi kabla ya rali yenyewe, gari litakuonyesha udhaifu wake ukiwa karibu na nyumbani.

kibosho88, Moshi

Wakuu, narudi na taarifa baada ya wiki tano.

Jumapili ile nilianza na Golf, bisibisi mkononi. Vizingiti vinalia vizuri, vikombe vya shokapu vizima. Nikafungua kava la mkanda wa taiming kuangalia hali yake, na ndani, kwa kalamu ya rangi nyeupe, nikakuta mwandiko wa baba: MKANDA 9/2012, KM 214,380. Nilikaa pale kwenye tairi muda mrefu. Mzee wa GTI, gari lako liko sahihi kwa rali, lakini sitaliweka grinda. Nitalirudisha barabarani kama alivyoliacha, kwa mama kwenda kanisani.

Starlet nimeichukua kwa milioni 3.4. Imeshavuliwa yote. Ile lami ya kuzuia kelele sakafuni tuliitoa kwa patasi na feni ya joto, siku tatu, imejaza ndoo mbili. Bati ni kavu kama fundi alivyotabiri, isipokuwa sehemu moja: upande wa kushoto nyuma, springi inapokalia, kuna kutu inayoingia vidole vinne. Nimeipiga mswaki wa chuma, imebaki tundu. Je, nikate sehemu yote au niweke kiraka juu?

kulia_sita, Arusha

Hongera kaka. Kabla ya kufunga kizimba niite nije nikae kwenye kiti mkipime na mimi ndani, nikiwa na helmeti kichwani.

fundibati_tanga

Kiraka juu ya kutu usiweke, na usikate bado. Ukikata gari likiwa limeinuliwa upande mmoja, kikalio cha springi kitahama na hutakirudisha. Liweke juu ya stendi nne, pima kutoka kila kikalio cha nyuma hadi tundu la bolti ya mkono wa mbele, kwa mshazari, pande zote mbili, uandike. Nunua bati la milimita 1.5, nusu shiti inatosha. Napanda basi la asubuhi Jumamosi, saa nane hivi nitakuwa Moshi.