Tupeane uzoefu: programu yako ya kwanza ilikutoa jasho wapi?

Mleta mada: Wakuu, jana dogo kaniuliza kwa nini meseji inaishia herufi 160, nikakumbuka mwaka wa kwanza chuo, kompyuta 20 sisi 90, ticha anaandika ubaoni namba ambazo kompyuta inatunzia herufi, A ni 65, a ndogo ni 97, sisi tunakopi tu kama tunaandikiwa talasimu. Wewe ulianzaje?

Sina Bando: Nukta mkato moja niliyosahau kuweka kwenye C. Siku mbili sijalala. Siongezi neno.

Jembe Butu: 😂😂 tupo wengi

Kijiko: Yangu aibu. Nina wiki tatu za Python, lugha ya kuandikia programu, kamati ya harusi ya bro ikanipa kazi ya kukumbusha watu michango. Nikachomeka modemu ya USB, unaipa AT+CMGS (amri ya kutuma meseji) na namba, inakuletea alama ya >, unaweka maneno, Ctrl+Z, imeenda. Nikajaribu kwa namba yangu, safi. Nikaweka orodha ya watu 64, while i < 64, yaani rudia maadamu i, namba ya mtu kwenye orodha, haijafika 64, nikapiga enta nikaenda kula. Kumbe i = i + 1, ya kuhamia mtu anayefuata, sijaandika! i imeganda kwenye 0, na wa 0 kwenye orodha, yaani wa kwanza, ni baba mkubwa ambaye ALISHATOA laki tatu. Narudi na tonge mdomoni nakuta meseji 211 zimemwendea mtu mmoja, "Shikamoo, unakumbushwa mchango wako". Nikachomoa modemu kama nang'oa jino. Alijibu mara moja tu: "Mwanangu nimekukosea nini".

Jembe Butu: Nimepaliwa chai

Mzee wa Pointa: Ndo shida ya kuanza na Python. Anza na C uijue memori.

Sina Bando: C hiyohiyo ya 1972? Mtu hajajua kuchapisha jina lake unamletea pointa, vitu vya kushika anwani za memori, mimi ilinipa sapu mara mbili.

Mzee wa Pointa: Sapu ni uvivu, usisingizie lugha. Na while ya C nayo ingemtumia 211, ila kwa kasi zaidi.

Chapa Nne: Tumia for, inasogeza i yenyewe. Halafu anza na karatasi, fuata i kwa kalamu.

Jembe Butu: Karatasi ya nini, endesha tu, kikilipuka unajifunza. Ila usiweke namba za ukoo.

Chapa Nne: Mleta mada, mwambie dogo ujumbe ni baiti 140, yaani biti 1120, herufi moja biti 7, gawanya. Akitia emoji inahamia biti 16 kwa herufi, zinabaki 70.

Sina Bando: Kijiko, baba mkubwa alikuja harusini??

Kijiko: Alikuja. Akapewa maiki ya nasaha, akaanza kuzisoma moja moja mpaka MC akamnyang'anya.