Nimepewa dawati la ajali. Naandikaje zaidi ya idadi ya marehemu?

Chipukizi_Moro:
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nina miezi 4 kwenye redio moja hapa Morogoro. Ajali ikitokea barabara ya Iringa au ya Dodoma nampigia kamanda wa polisi, nasoma "chanzo ni mwendokasi", basi. Juzi hospitalini mama mmoja mfiwa aliniuliza kwa nini nimemwita mwanawe "mwendesha bodaboda mmoja". Nilikosa jibu. Mliokaa na kazi hii muda mrefu, mnaandikaje?

Mzee_wa_Kitonga:
Marahaba, mwanangu. Nilianza kuandika ajali Iringa mwaka 1994. Miaka mingi nilikuwa kama wewe, tena nikimalizia na "ajali haina kinga".

Enzi hizo habari na filamu za picha tulizituma Dar kwa basi. Kulikuwa na konda aliyenichukulia bahasha kila wiki, hela hataki, anataka gazeti tu. Asubuhi moja nikampa bahasha stendi. Mchana nikaitwa kwenye ajali, mteremko wa Kitonga. Bahasha yangu ilikuwa kwenye lami, mwandiko wangu juu yake. Yeye walishamfunika kanga.

Tangu siku ile sijaandika tena kwamba ajali haina kinga. Inayo. Tairi zilikuwaje? Mikanda ilikuwepo? Dereva alikuwa usukani tangu saa ngapi, na nani alikuwa anampigia simu awahi? Madereva wa malori pale wengine hushuka gia huru kuokoa dizeli, breki zinachemka mpaka zinagoma. Huyo analipwa kwa mwezi au kwa tripu? Na ukiambiwa mwendokasi, uliza kilomita ngapi. Kwenye makazi ni 50, basi na lori mwisho 80. Trafiki wana tochi za kupimia mwendo, namba zipo. Bila namba hujaandika chanzo.

Mwl_Temeke:
Naongeza, kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Dar shirika la Amend limejenga njia za waenda kwa miguu, matuta na zebra kwenye shule ambazo watoto walikuwa wanagongwa. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, ya WRI Ross. Hakuna maajabu pale, ni saruji na rangi. Shuleni kwetu rangi ya zebra imefutika, watoto wa darasa la kwanza wanavuka kwa kukimbia, na hajaja mwandishi hata mmoja. Wanakuja akishagongwa mtoto. Njooni saa 12 na nusu asubuhi, simameni na mimi.

Mzee_wa_Kitonga:
Umesikia, Chipukizi? Nunua futi kamba, ukapime barabara mwenyewe. Na kabla ya yote rudi kwa yule mama, ukae chini, kalamu iwe mfukoni kwanza.

Chipukizi_Moro:
Nimerudi jana, mzee. Kijana alikuwa na miaka 23, kofia ngumu alikuwa nayo ila kamba ya kidevuni ilikatika, akaifunga kwa uzi wa viatu. Mama amenionyesha. Pale alipogongwa taa ya barabarani haiwaki, na kutoka tuta la mwisho nimehesabu hatua 212. Mhariri amenipa dakika 3 badala ya sekunde 40. Jina lake nitalisoma kesho taarifa ya saa 1 asubuhi, mama ameruhusu.