Nani kakutuma utangaze msiba wa watu kwenye stetasi?

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira na naandika nikiwa nazo hivyo hivyo.

Hii tabia ya mtu kukata roho saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili picha yake imeshajaa kwenye stetasi za WhatsApp za mtaa mzima na mishumaa na "Pumzika kwa amani mama yetu", wakati watoto wake wa kuwazaa hawajui lolote, nani kaianzisha? Mwili haujafika mochwari. Mume yuko koridoni anatafuta namba ya shemeji. Jirani aliyesaidia kubeba chupa ya chai tu keshaposti.

Yametukuta mwezi uliopita. Mama mdogo wangu alifariki hospitalini. Binti yake wa mwisho yuko chuo, mkoa mwingine, wiki ya mitihani. Wazee wakakaa pale pale kwenye benchi wakakubaliana: mjomba ampigie kwanza mama mwenye nyumba anakopanga, amwandae, amkalishe chini, apatikane mtu wa kupanda naye basi, na aambiwe tu mama kazidiwa, aje. Ndivyo tulivyolelewa. Msiba hautupiwi mtu akiwa amesimama peke yake.

Mtoto akawasha simu kumuuliza mwenzake kama wameshaingia chumba cha mtihani. Akakutana na sura ya mama yake ndani ya fremu ya maua, ile ya kupakua bure, chini kuna mwaka wa kuzaliwa, kistari, na tarehe ya siku hiyo. Huo mwaka wa kuzaliwa wenyewe umekosewa. Akafanya ambacho mtoto yeyote angefanya, akapiga simu ya mama yake. Simu hiyo nilikuwa nimeishika mimi. Niambieni, wenye busara za kimtandao, ningepokea nikasema nini?

Aliyeposti nilipomfuata akanijibu bila aibu: "Mi nilikuwa natoa taarifa tu." Taarifa ya nani? Umetumwa na nani?

Najua wapo watakaokuja na "mkuu, dunia imebadilika". Haya, tuizungumze hiyo dunia. Hata zamani habari za vifo zilipita kwenye vyombo. Simu ya maandishi, ile telegramu ya posta, ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu wakaandika "Njoo haraka mama mgonjwa sana" na mpokeaji akamalizia mwenyewe akiwa njiani, kidogo kidogo, mpaka anafika nyumbani na kuona watu wamekaa nje, moyo umeshaanza kujua. Redio ndiyo usiseme. Waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wanayakumbuka matangazo ya vifo: fulani wa Tukuyu anasikitika kutangaza kifo cha fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie fulani wa Tanga, fulani wa Kigoma, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Umeona mpangilio ule? Linaanza jina la mfiwa. Tangazo lilikuwa na mwenyewe, tena alilipia. Jirani mwenye kimbelembele asingefunga safari mpaka kituoni kulipia tangazo la msiba usiomhusu. Ni kweli wapo waliosikia kifo cha baba yao wakiwa dukani wananunua sukari, hilo silikatai. Lakini hata huyo alikuwa katikati ya watu, na jina lake limetajwa, kwamba ndugu zake walimkumbuka na walikuwa wanamtafuta.

Stetasi haina mwenyewe. Mwenye bando ndiye mwenye msiba. WhatsApp walituletea kitu hicho Februari 2017, picha inakaa saa 24 inafutika, na pale chini wakaweka kijicho cha kukuonyesha nani katazama. Kijicho kile ndicho kimetuharibia watu. Posti ya pilau yake inaangaliwa na ndugu wachache, posti ya marehemu inaangaliwa na kila mtu, halafu zinamiminika: "Jamani lini?" "Ni yule wa pale kona?" "Alikuwa anaumwa nini?" Kwa nusu saa mtu ambaye nyumbani kwake hata mbwa hamsikilizi amekuwa msemaji wa familia. Anaeleza na ugonjwa. Ugonjwa wa mtu, jamani!

Msinielekeze polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana anayesambaza uongo, na huyu wetu kasambaza ukweli. (Hao wa uongo nao tunawajua. Mchekeshaji Mzee Majuto, Mungu amrehemu, alizushiwa kifo akiwa hai anapumua, kabla hajafariki kweli Agosti 2018.) Wala msiniambie kampuni itawadhibiti. Januari 2019 walisema mwisho kufowadi ni mara tano kwa mkupuo, Aprili 2020 ujumbe uliozunguka sana ukabanwa uende sehemu moja moja. Watu wakanakili, wakabandika, maisha yakaendelea. Lilipolipuka lori la mafuta Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, picha za walioungua zilizunguka kwenye magrupu ya wazazi wa shule.

Sasa njooni kwenye grupu la msiba lenyewe. Mtu ambaye hakuulizwa analifungua, anaingiza kila namba aliyonayo, hadi fundi wa friji. Inaanza orodha ya michango: nakili, ongeza jina lako, bandika. Wawili wakibandika kwa wakati mmoja, mmoja anapotea kwenye orodha, na aliyepotea anampigia mweka hazina saa sita usiku kudai elfu kumi yake ionekane. Katikati ya orodha kuna aliyetupia magazeti ya leo. Mwingine kaleta voisi ya dakika nne, dakika mbili za kwanza ni salamu. Na pole zenyewe! "Poleni sana wafiwa, Mungu awatie nguvu katika kipindi hiki kigumu cha kuondokewa na baba yetu mpendwa." Baba? Aliyekufa ni mwanamke! Kanakili pole ya msiba mwingine, na waliomfuata wamenakili ya kwake, grupu zima tunampoteza baba ambaye hayupo.

Na wengi wao hatukuwaona msibani. Mtu yuko mtaa wa pili, kutoka kwake hadi kwenye turubai letu ni mwendo wa kumaliza karanga za mia mbili, lakini katuma kikaragosi kinacholia na kwake msiba umekwisha. Nasema wa mtaa wa pili. Binamu yangu aliye Muscat alikesha na sisi kwenye simu mpaka maziko, akimsikiliza dada yake analia, na huyo simu ndiyo mkeka wake, sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na wewe unayeweza kuja kwa miguu.

Maadmin wa magrupu ya mtaa, ya kanisa, ya msikiti, ya vikoba: mnayo ile sehemu ya kuruhusu admin peke yake aandike. Mnaijua vizuri, mbona mnaibonyeza kukiwa na ubishi wa Simba na Yanga? Mkisikia kuna msiba, bonyezeni. Mpigieni mtu mmoja wa ile familia, muulizeni wote wameshajulishwa, na akisema bado, bado. Tangazo aliandike wa kwao.

Jumapili tuna kikao cha familia na hili nitalipeleka mezani. Kama kuna grupu la mtaa wenu lenye utaratibu unaofanya kazi, uwekeni hapa, na mseme mnamfanya nini anayeuvunja, kumtoa au faini. Na wewe unayeandaa jibu la "mngemwambia mtoto mapema", soma tena kuanzia juu.