Kaliba ipi kwa bastola moja ya kujilinda na kulenga shabaha?

Mlenga_Duara
Wakuu, heshima kwenu. Nataka bastola moja ifanye kazi mbili: ilinde nyumba, na iwe ya kulengea shabaha kila wiki, umbali wa mita 7 hadi 25. Mikono yangu ni midogo na vidole havina nguvu nyingi. Naangalia kaliba (upana wa risasi) za .22 LR, .380, 9mm na .45. Kila ninaposoma nakuta mabishano ya "kubwa ndiyo inaangusha". Naomba vipimo na sababu, si ushabiki. Halafu hii .380, kwa kuwa ni ndogo, si ndiyo itakuwa laini zaidi mkononi?

Chemba_Safi
Karibu mkuu. Tuanze na huo ushabiki. Risasi ya kawaida ya 9mm ina kichwa cha greini 115, yaani gramu 7.45, kinachotoka mtutuni kwa takriban mita 360 kwa sekunde. Piga hesabu, ni kama juli 480. Ile ya .45 ina kichwa cha greini 230, gramu 14.9, kwa mita 255 hivi kwa sekunde. Nayo ni kama juli 480! Nishati ni ileile. Kinachotofautiana ni uzito mara mwendo: hapo .45 inaizidi 9mm kwa karibu asilimia 40, na huo ndio msukumo unaoupokea mkono wako. Unapata shimo pana kidogo, lakini teke linaongezeka, na magazini nyingi za .45 zinabeba risasi 7 au 8, wakati bastola kamili ya 9mm inabeba 15 au 17.

Kwenye kujilinda kinachoamua ni risasi imeingia wapi na imefika kina gani. Baada ya maafisa wake kupambana kwa risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliweka kipimo: kichwa kiingie sentimita 30 hadi 46 kwenye jeli ya asilimia 10 inayoiga nyama ya mwili, hata kikianza kwa kupita nguo nzito. Risasi nzuri za 9mm za siku hizi, zile zenye tundu mbele ili kichwa kichanue, zinafaulu kipimo hicho. FBI hao hao walihamia kaliba ya 10mm, kisha .40, na katikati ya miaka ya 2010 wakarudi 9mm.

Kuhusu .380, hapo wengi wanateleza. Risasi ni dhaifu kweli, juli 260 hivi, lakini bastola zake nyingi ni ndogo, nyepesi, na kwenye baadhi slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi) haifungwi na mtutu: inazuiwa na uzito wake pamoja na springi kali tu. Kwenye hizo slaidi ni ngumu kuvuta na teke ni la ghafla, linachoma kiganja. Bastola ya 9mm ya ukubwa wa kati, ambayo mtutu na slaidi hufungamana kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kuachana, ni tulivu kuliko hiyo. Kwa mwenye vidole dhaifu ningeweka .380 ndogo mwisho wa orodha.

Jibu langu ni 9mm ya kawaida, inayoandikwa 9×19. Lakini kaishike kwanza, ikiwa tupu na chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono, nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kugeuza kiganja. Usipofika, bastola hiyo ni kubwa kwako na kila risasi itavutwa pembeni, hata kaliba iwe sahihi vipi.

Bi_Shabaha
Naunga mkono, ila .22 msiipite haraka hivyo. Kwa kujifunza kuvuta triga haina mpinzani: teke karibu hakuna, kelele ni kidogo, unapiga risasi mia bila kuchoka. Mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, ya bastola mita 25 kwa wanawake yanapigwa kwa .22 LR.

Tatizo lake kwa kujilinda halipo kwenye nguvu peke yake. Dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na ikikosekana sehemu moja, pini ikigonga hapo, risasi haiwaki. Hilo hutokea kwa .22 mara nyingi kuliko risasi za kugongwa katikati. Ikikataa, weka mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe, maana inaweza kuchelewa kuwaka. Na usiifyatue ikiwa tupu mpaka kitabu cha bastola hiyo kiruhusu: kwenye nyingine pini hugonga ukingo wa chemba na kuuchimba.

Mlenga_Duara
Asanteni sana. Mawili yamebaki. Naona 9mm za majina mengi, je zinaingiliana? Na rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 mnaionaje?

Chemba_Safi
Haziingiliani ndugu. Namba ya pili ni urefu wa ganda: 9×17 ndiyo .380, 9×18 ni Makarov, 9×19 ndiyo Parabellum au Luger. Makarov kichwa chake ni milimita 9.27, wenzake ni kama 9.02. Soma maandishi ya mtutuni, linganisha na ya kitako cha ganda, kila boksi jipya.

Rivolva ya .357 inakubali .38 Special, na hiyo ni faida kubwa: .38 kwa mazoezi, nzito ukitaka. Kinyume chake hakuna, kwa sababu ganda la .357 ni refu zaidi kwa milimita 3 na kitu. Ukipiga .38 nyingi, mviringo wa masizi hujikusanya ndani ya chemba pale ganda fupi linapoishia, halafu za .357 zinagoma kuingia au kutoka. Sugua chemba kwa brashi ya shaba kila baada ya mazoezi. Ila triga ya rivolva bila kukoki (kuvuta nyundo nyuma kwanza) ni nzito, na kwa vidole vyako nahofia hapo.

Bi_Shabaha
Ukishanunua hiyo 9mm: mazoezi piga za kichwa kizima chenye koti la shaba, greini 115 au 124. Za kujilinda chagua aina moja ya tundu, greini 124 au 147, uipitishe kwenye bastola yako, magazini zote, ikiwezekana risasi 200, kabla ya kuiamini. Risasi za kichwa kizima usizitegemee nyumbani, zinatoboa ukuta mwepesi na kuendelea. Hata za tundu hutoboa, kwa hiyo ujue nani analala nyuma ya kila ukuta.

Kuona kama unaogopa teke, mwenzako akuchanganyie risasi bandia mbili tatu kwenye magazini bila wewe kujua mpangilio. Ukifika kwenye bandia, tazama kilengeo cha mbele. Kikizama chini pale triga inapovunjika, wewe ndiye unayeisukuma. Anayetumia mkono wa kulia mashimo yake hukusanyika chini kushoto. Usihamishe kilengeo kufidia, rudi kwenye .22 au mazoezi makavu, yaani ya kuvuta triga bila risasi.

La mwisho, risasi ileile ikiingizwa na kutolewa chembani kila siku, kichwa huzama ndani ya ganda kidogo kidogo na shinikizo hupanda vibaya. Isimamishe mezani kando ya mpya ya boksi lilelile, zote kitako chini. Ikiwa fupi kwa kuonekana, usiipige, itenge.