Naomba ushauri: kona ya kiwanja imegeuka jalala

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hapa nimekwama. Mtaani kwetu kuna kiwanja cha wazi watoto wanachezea, sasa kona yake moja imegeuka jalala, watu wanatupa usiku, asubuhi unakuta mifuko imepasuliwa na mbwa, pampasi zimetapakaa mpaka kwenye mtaro na mvua ikinyesha kidogo tu maji yanafurika barabarani. Gari la taka linapita kila wiki, kwa hiyo siyo kwamba hakuna pa kupeleka.

Tumeweka kibao cha USITUPE TAKA HAPA, wakatupa chini ya kibao chenyewe. Tukaleta pipa, likajaa halikumwagwa kwa wakati, basi ndo likawa kama alama ya kuwaonyesha pa kutupa. Usafi wa pamoja tumefanya pia, wanakuja walewale, halafu kona inabaki safi siku chache tu. Rwanda wana umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi kama usafi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ila kule kuna sheria nyuma yake, sisi tunategemea hiari na mimi binafsi naona hiari peke yake haitoshi, ila faini nayo nani atasimama pale usiku kuwakamata?

Sasa naomba kujua, waliowahi kumaliza jalala la hivi mlianza na nini, taa na kupanda maua au zamu ya kulinda? Na jirani ambaye unajua kabisa ndo anatupa, mnamfuataje bila kuzua ugomvi?