F-14 Tomcat: Wamarekani walikosea kuistaafisha 2006?

Wakuu heshima kwenu. Juzi nimebishana na jamaa mpaka chai ikapoa, yeye anasema jeshi la maji la Marekani walifanya ujinga kuistaafisha Tomcat, ndege yao ya kivita ya kurukia melini, Septemba 2006, mimi nasema walichelewa hata. Hii ndege Grumman waliirusha mara ya kwanza Desemba 1970, baada ya F-111B, ndege iliyopangwa kufanya kazi hiyo kabla yake, kubuma maana lile dude lilikuwa zito mno kwa kazi ya melini. Aliyekuwa anaogopwa ni Msovieti na midege yake ya mabomu, ndo Tomcat ikafungwa rada ya AWG-9 na makombora ya masafa marefu ya Phoenix, 6 kwa mpigo kila moja na shabaha yake, zaidi ya kilomita 150 huko. Sasa 1991 Usovieti umekufa, we bado unalisha huyu mnyama, mbawa za kurudi nyuma na kutanuka angani zinakula spea na mafundi usiku kucha, injini TF30 kimeo, rubani akikata kona vibaya inazima. Hata zile ndege za kivita Su-22 za Libya ambazo Tomcat ziliziangusha 1981, zilipigwa na Sidewinder, kombora la masafa mafupi, sio Phoenix!

Mkuu kwenye injini umeonea, mbona matoleo ya baadaye, F-14B na D, yalifungwa injini mpya ya F110 na malalamiko yakaisha? Iliyoiua ni bajeti, Cheney akiwa waziri wa ulinzi ndo aliyebana F-14D mpya. Super Hornet, ndege iliyorithi kazi yake, haina mbio zile wala haifiki kule Tomcat ilikokuwa inafika, na siku hizi Mchina ana makombora ya kuifukuza meli mbali na pwani, sasa hiyo Hornet itatokea wapi?

Mie kustaafu sina neno, kinachoniuma ni kuzisaga. Iran waliletewa 79 enzi za mfalme wao Shah, mapinduzi ya 1979 yakaja, spea zikakatwa, na bado ndo waliozipiganisha kwelikweli na Iraq miaka 8. Mmarekani kwa kuogopa spea zisipenyezwe Tehran akapiga skrepa zake, zilizopona zipo makumbusho na hakuna hata moja inayoruka.

Haya ya F110 nakubali niliiruka makusudi 😂 Ila huyo Muirani mnayemsifia miaka yote alikuwa anafungua spea za hii anafunga kwenye ile, ndo nilichokuwa namwambia jamaa, hiyo ndege ukiwa nayo lazima uwe na nyingine ya kuinyofoa spea.