Mama, usipande bado

*Kikundi: Ukoo wa Babu, Uyole*
*Jumamosi, wiki ya mwisho ya Oktoba*

06:41 Gwamaka: Shikamooni wakubwa. Nani yuko macho? Mimi hata sijalala, joto. Mbeya hii hii ya blanketi mbili mwezi wa saba, jana nimelala sakafuni.

06:44 Mama: Marahaba. Hujalala kwa joto au kwa mpira? Maji yametoka saa tisa usiku, ndoo nimejaza mwenyewe.

06:44 Gwamaka: 🙈

06:52 Baba Mkubwa: *(Imesambazwa mara nyingi)* TAHADHARI!!! Kuanzia kesho jua linaikaribia dunia, joto litafika nyuzi 50. Msitoke nje saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tuma kwa watu 20.

06:55 Atupele: Shikamoo Baba Mkubwa. Hiyo hata mwaka jana ilipita hapa hapa, wamebadilisha tarehe tu 😂

06:58 Mwl. Lusajo: Shikamoo Baba Mkubwa. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kila mwaka, na Januari sisi tunatembea na makoti ya mvua. Joto la sasa ni jua la utosi. Linatoka kaskazini kwenda kusini, na katikati ya Oktoba linapita juu kabisa ya Mbeya. Toka nje saa sita na nusu mchana utazame kivuli, utakuta umekikanyaga.

06:59 Atupele: Mwalimu kaanza kipindi. Madaftari mezani.

07:01 Gwamaka: Likirudi je?

07:03 Mwl. Lusajo: Linapita tena mwishoni mwa Februari, ila hapo kuna mawingu na mahindi yamekuzidi kimo, huna habari nalo. Sasa hivi anga ni tupu, udongo mkavu, hakuna wa kulizuia.

07:10 Baba Mkubwa: Marahaba wanangu. Haya nimefuta. Ila mlima Loleza leo hauonekani, umefunikwa. Dalili ya mvua ni mawingu.

07:11 Atupele: Baba Mkubwa, huo ni moshi. Watu wanachoma mashamba 🙏

07:19 Mjomba Ipyana: Nyie wa Uyole mnalia nini? Shukeni Igurusi muone. Bati likilia saa nane mchana unadhani kuna mtu juu ya paa.

07:22 Mwl. Lusajo: Shikamoo Mjomba. Ni mwinuko. Uyole ni zaidi ya mita 1,700, bonde la Usangu huko uliko ni 1,000 na kitu. Kila ukishuka mita 1,000 joto linapanda kama nyuzi 6.

07:26 Mjomba Ipyana: Marahaba. Huku maji ya mfereji ni kwa zamu, na zamu yangu imeangukia usiku wa manane. Kitalu cha mpunga namwagilia kwa tochi. Na mto Ruaha ukikatika kule hifadhini, kama unavyokatika kila kiangazi tangu miaka ya 1990, tutaambiwa ni sisi wa mpunga. Sikatai, tumo. Ila si peke yetu.

07:40 Mama: Mmemaliza masomo? Jana jioni hapa imenyesha nusu saa nzima. Jumatatu napanda. Mbegu ya mahindi UH6303 ninayo, mbolea ya kupandia ninayo, na vibarua wawili nimeshaongea nao.

07:40 Atupele: Mama 😳

07:41 Mwl. Lusajo: Mama, usipande bado.

07:44 Shangazi Sekela: Kamweneee kutoka Iringa. Wifi yangu, hiyo ni ya kulaza vumbi, siyo ya kupandia.

07:49 Baba Mkubwa: Shemeji, mimi nisemewe na mtu mwingine? Mwaka jana si nilipanda baada ya mvua ya kwanza? Ikaota vizuri, nikapiga na picha nikawatumia humu. Baadaye jua wiki tatu. Niliangalia mahindi yakijikunja kama sigara. Mbegu nikanunua mara mbili.

07:50 Gwamaka: Ile picha ninayo Baba Mkubwa

07:50 Baba Mkubwa: Ifute.

07:56 Mama: Na redioni wamesema mvua za msimu ni za wastani. Wastani si nzuri?

08:02 Mwl. Lusajo: Mama, wastani wa watu wa hali ya hewa ni mpana. Mvua ikipungua robo ya ile ya kawaida bado wanaiita wastani, ikizidi robo pia. Halafu hiyo ni hesabu ya miezi yote, Novemba hadi Aprili. Inaweza kumwagika yote Januari, Desemba ukabaki unaangalia juu, na kwenye karatasi msimu ukawa wastani. Kwa kupanda, sikiliza ule utabiri wao wa siku kumi kumi.

08:04 Mwl. Lusajo: Na mvua yenyewe inalifuata jua kwa nyuma, inachelewa kama mwezi. Jua limetupita juzi tu. Kwetu tegemea nusu ya pili ya Novemba.

08:09 Mama: Wewe uko Tukuyu, mvua inakufuata hadi kitandani. Nikichelewa mahindi yanabebea Aprili, mvua inakata, nabaki na magunzi. Hilo hulisemi.

08:13 Mwl. Lusajo: Hapo umenipata Mama. Kuchelewa nako kunaumiza. Ndiyo maana sisemi usubiri Desemba.

08:15 Shangazi Sekela: Wifi, acheni kubishana, chukua jembe. Chimba shibiri moja, kamata udongo wa chini ufinye. Ukishika donge, panda hata leo. Ukimwagika vidoleni, rudi nyumbani kanywe chai.

08:16 Mjomba Ipyana: Dada, msikilize wifi yako.

08:17 Mama: Ngoja.

08:31 Atupele: Kaenda kweli? Na jua hili?

08:33 Gwamaka: Kaenda. Kavaa kofia yangu.

08:52 Mama: *(Picha)*

08:53 Mama: Unyevu umeishia hapa kwenye pete ya kidole. Chini ni vumbi kama unga wa dona, hata sisimizi hajashtuka.

08:54 Shangazi Sekela: Pole wifi. Chai ipo?

08:56 Mama: Ipo. Mbegu nimerudisha chini ya kitanda. Ndaga, asanteni wanangu. Vibarua nimewaambia wasubiri simu yangu. Gwamaka, leo maji yakitoka saa tisa unaamka wewe.

08:56 Gwamaka: Sawa Mama 😭

08:58 Baba Mkubwa: Na ile picha umefuta?